Naombeni ushauri: Dar, Joburg, Cape Town, Victoria Falls mpaka Lusaka, siku 21, ndege na gari, tuna watoto na bi mkubwa

Mama_Wawili_Moro:

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Naombeni ushauri mana kichwa kimeshajaa, kila jioni baba watoto anaongeza kituo kipya kwenye daftari na mimi naona kama hatutamaliza.

Tuko watano, mimi na mume wangu, watoto wawili (12 na 8) na mama mkwe ambaye ana miaka 67. Ni mzima tu anatembea vizuri ila akikaa kwenye gari muda mrefu magoti yanamuuma, akishuka inabidi ashikwe mkono kwanza. Tumejichanga miaka minne kwa hii safari. Tunaenda likizo ya shule mwezi wa sita, siku 21 kuanzia tunaondoka Dar mpaka tunarudi, na hatuwezi kuongeza hata moja kwa sababu likizo ya kazini ya mzee inaishia hapo.

Chanzo cha yote ni bi mkubwa mwenyewe. Yeye ni mtu wa Morogoro, ujana wake alifanya kazi shambani pale Mazimbu wakati ANC, wale wapigania uhuru wa Sauz, wana ile shule yao ya Solomon Mahlangu, alikaa nao miaka mingi na mpaka leo akiwa jikoni anaimba nyimbo zao, maneno hayajui maana yake yote lakini anaimba. Walipoondoka 1992 wakakabidhi majengo kwa serikali (sasa hivi ni kampasi ya SUA) akabaki anasema ipo siku na yeye ataenda kuona kwao. Basi ndo tunampeleka kabla magoti hayajakataa kabisa.

Mpango wa baba watoto ndo huu: ndege Dar mpaka Johannesburg, tunakodi gari tunashuka nayo Cape Town, halafu tunafuata pwani mpaka Durban, tunapita Eswatini, tunaingia Kruger kuona wanyama, tunarudisha gari Joburg, ndege tena mpaka Victoria Falls, tunavuka Chobe kule Botswana, alafu Lusaka na ndege ya kurudi nyumbani. Kwenye ramani inapendeza sana. Inawezekana kweli au tunajidanganya? Na tiketi tununue zote kwa pamoja au kila kipande na chake? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, sina haraka, hata maelezo marefu nasoma.

Mtz_wa_Gauteng:

Dada karibu sana, na bi mkubwa mpe shikamoo yake. Niko Joburg mwaka wa 11 huu na ndugu wakija huwa nawapangia mizunguko kama hii kwahiyo nakwambia ukweli wangu: hapana, huo mpango kwa siku 21 mtaishi ndani ya gari.

Piga hesabu na mimi. Joburg mpaka Cape Town ni kilomita kama 1,400. Cape Town mpaka Durban kwa kufuata pwani ni kama 1,650. Weka Durban, Eswatini, Kruger na kurudi Joburg, ni zaidi ya 1,000 nyingine. Jumla umepita kilomita 4,000, yani ni kama kutoka Dar kwenda Mwanza mara tatu na nusu, na bado hujafika Victoria Falls. Barabara ni nzuri ndio na highway unaruhusiwa 120, lakini magoti ya mama hayajui kama lami ni nzuri.

Kitu kingine ambacho watu wa kwetu wanasahau, mwezi wa sita huku ni baridi na mchana ni mfupi. Cape Town jua linatoka karibu saa mbili asubuhi na linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mkitoa muda wa chai na kufunga mabegi na chakula cha mchana mnabakiwa na saa saba au nane za kuendesha mkiwa mnaona mnachopita, na kuendesha usiku na familia barabara usizozijua sikushauri. Baridi nayo msiifanyie mzaha, Joburg iko juu mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari na nyumba nyingi hazina kitu cha kupasha joto, usiku inashuka mpaka nyuzi 3 au 4, asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani. Mama anunuliwe koti zito na soksi za sufu huko huko mitumbani kabla hajapanda ndege.

Ushauri wangu: futa Joburg–Cape Town kwa gari, pandeni ndege, ni saa mbili tu na mashirika ya ndani yapo mengi. Futa Durban na Eswatini. Gari likodiwe Cape Town, mfuate pwani taratibu mpaka Gqeberha (ndo ile Port Elizabeth ya zamani, jina limebadilika 2021 kwahiyo mkiona majina mawili kwenye tiketi msishtuke), pale mnaacha gari mnarudi Joburg kwa ndege. Hiyo barabara ni kama kilomita 750 ukinyoosha, na ndo kipande kizuri kuliko vyote, milima mkono mmoja bahari mkono mwingine.

Na kwa habari ya bi mkubwa, jitahidini tarehe 16 Juni muwe Joburg. Ni sikukuu ya vijana, kumbukumbu ya watoto wa shule wa Soweto waliopigwa risasi na polisi wakiandamana 1976. Kuna makumbusho ya Hector Pieterson pale Orlando West, mmoja wa waliouawa siku hiyo, alikuwa na miaka 12 kama huyo mkubwa wako. Kutoka hapo mnatembea mpaka Vilakazi Street kwenye nyumba ya Mandela. Siku nyingine mpelekeni Mamelodi kule Pretoria, ndo kwao Solomon Mahlangu. Alinyongwa na serikali ya makaburu 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22, na mwaka 1993 mwili wake ukahamishiwa makaburi ya Mamelodi. Kuna sanamu yake pale. Mtu aliyeishi Mazimbu akisimama mbele ya ile sanamu sidhani kama mtahitaji kumuonyesha kingine.

Dereva_Tunduma:

Gauteng kasema vizuri ila mimi niongeze kidogo mana nimeendesha lori hizo njia miaka mingi, Dar, Tunduma, Lusaka, Kazungula mpaka Durban. Kile kipande cha barabara kuu ya N2 baada ya East London kwenda Durban ng'ombe na mbuzi wanavuka barabara kama wako zizini, na mashimo yapo. Usiku usijaribu. Kwahiyo kufuta Durban naunga mkono mia kwa mia.

Ila sikubali mtu akisema barabara ni ya kufutwa futwa tu. Watoto wakipanda ndege kila mahali wanaona viwanja vya ndege, hawaoni nchi. Mimi ningewaambia Livingstone (mji wa Zambia ulio jirani na Victoria Falls) mpaka Lusaka mpande basi, ni kama kilomita 480, saa saba hivi, barabara ipo sawa na mabasi ya asubuhi ni mazuri. Mama akae siti ya mbele mwenye nafasi ya miguu na basi linasimama Choma au Mazabuka anyooshe. Watoto wataona mahindi ya Zambia mwanzo mwisho na miwa ya Mazabuka.

Na Chobe msiilale kama pesa inabana, ni kama kilomita 80 tu kutoka Livingstone, mnaenda asubuhi mnarudi jioni. Mtapita daraja la Kazungula, lile lililofunguliwa 2021, lina mita 923 na limepinda katikati ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Zamani pale tulikuwa tunavuka kwa pantoni, nimeshalala siku nne nasubiri zamu yangu na mzigo wa watu. Leo unavuka dakika chache. Waambieni watoto waangalie lilivyopinda. Viza hatuhitaji Zambia, Zimbabwe, Botswana wala Sauz kwa matembezi, pasipoti tu iwe na kurasa za kutosha kwasababu mihuri itakuwa mingi, kuingia na kutoka kila nchi ni mbili mbili. Nyama msibebe kuingia Botswana, wanakagua mpaka viatu mnakanyagishwa kwenye dawa, ni ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe wanaukimbia.

Bint_Kipanga:

Mimi nilizunguka Cape Town na hiyo barabara ya pwani, wenyewe wanaiita Garden Route, na mama yangu mwaka jana kwahiyo acha niseme yale yaliyotuumiza ili nyie yasiwapate.

La kwanza kadi. Tulibuku gari kwenye mtandao, tukalipa kabisa, tumefika kaunta ya uwanja wa ndege saa tatu usiku tumechoka wakaikataa kadi yangu ya benki. Wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, hii ya kawaida ya ATM hawakuitambua, na wanazuia dipositi kubwa juu yake mpaka urudishe gari. Tulilala kwenye hoteli ambayo hatukuipanga na kesho yake tukapata kampuni nyingine ndogo kwa bei ya juu. Dada nenda benki yenu sasa hivi, ulizeni, mana kadi ya mkopo huku kwetu haitoki kwa wiki moja. Na jina liwe la baba watoto kama yeye ndo dereva. Leseni yetu wanaipokea ila sisi tulichukua na ile ya kimataifa.

La pili gari lenyewe. Mko watano na masanduku, zile gari za bei rahisi kwenye picha buti linabeba sanduku mbili basi. Chukueni la siti saba, viti vya nyuma mnakunja. Na mkichukua Cape Town mkaacha Gqeberha kuna pesa ya ziada ya kuacha gari mji mwingine, ulizia kabla hujalinganisha bei, sisi tuliona gari rahisi kumbe hiyo pesa haikuwemo.

La tatu tiketi. Kwa safari kubwa nunueni tiketi moja ya kuingia Joburg na kutoka Lusaka, siyo kwenda na kurudi Joburg. Ukitafuta chagua ile sehemu ya miji mingi. Watu wengi wananunua kwenda na kurudi kwa mazoea alafu wanalazimika kurudi nyuma kufuata ndege. Hizi za ndani ya Sauz nunueni mbali mbali ila jueni kitu kimoja, kama tiketi hazijaunganishwa na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la pili haliwajibiki, umeachwa umeachwa. Sisi tulipanga saa mbili na nusu katikati, ndege ikachelewa saa tatu, tukanunua tiketi nyingine nne pale pale. Tangu siku hiyo kati ya tiketi mbili zisizounganishwa mimi nalala usiku mmoja, gharama ya chumba ni ndogo kuliko ile. Na begi la kupakia mashirika mengi ya ndani wanauza pembeni, tiketi peke yake ni ya begi dogo la mkononi.

Robben Island wekeni siku ya kwanza au ya pili Cape Town, msiweke ya mwisho. Mwezi wa sita bahari inachafuka na boti zinaahirishwa, ukiwa na siku mbele unaweza kusogezwa. Sisi tuliahirishwa mara mbili tukafanikiwa ya tatu. Aliyetuzungusha gerezani alikuwa mfungwa wa pale zamani. Mama yangu alimshika mkono yule mzee hakutaka kumwachia.

nesi_wa_zamu:

Naongeza moja tu kuhusu bibi. Kadi ya njano ya homa ya manjano kila mtu awe nayo, na chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Ila mtu wa zaidi ya miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa hachomwi hivi hivi tu, aonane na daktari kwanza, mana kwa umri huo chanjo hii ina madhara adimu lakini makubwa. Daktari akiona haifai anaandika barua ya kumuondolea sharti hilo, inawekwa na pasipoti. Msisubiri wiki ya mwisho. Kama aliwahi kuchanjwa hata miaka 20 iliyopita inatosha maisha yote, tafuteni kadi yake ya zamani. Na kwenye ndege na basi asikae tu, kila saa asimame achezeshe miguu, anywe maji.

Malaria Joburg, Cape Town na hiyo pwani yote hakuna, ila Livingstone na Chobe ipo, neti na dawa ya kujipaka mbebe.

Mama_Wawili_Moro:

Jamani nimesoma nimelia, kile cha Mamelodi nimemsomea mama kwa sauti akanyamaza kimya alafu akasema "basi hata kama mtaniacha huko huko sawa." Ahsanteni sana.

Benki nimeenda leo, kweli wamesema wiki tatu mpaka nne. Kadi ya njano ya mama hajawahi kuwa nayo, tuna miadi na daktari Alhamisi.

Sasa baba watoto amekubali kufuta Durban na Eswatini ila Kruger anaing'ang'ania. Anasema huwezi kwenda Sauz usione Kruger. Mnamwambiaje?

Dereva_Tunduma:

Shem wangu, mtu anayetoka Morogoro mwenye Mikumi inayokatwa na barabara kuu ya lami, anaona tembo akiwa kwenye basi la Iringa, anaenda kulipia simba wa nchi ya watu siku tatu kati ya 21? Chobe itamtosha. Pale mnapanda boti jioni, tembo wanaogelea wanavuka mto mkiwa nao karibu, hicho ndo kitu ambacho Mikumi hakipo.

Mtz_wa_Gauteng:

Mimi Kruger naipenda na namtetea kidogo, ni kubwa kuliko Serengeti na unaendesha gari lako mwenyewe kwenye lami, pia sisi wa SADC mlangoni tunalipa chini ya Mzungu ukionyesha pasipoti. Lakini ni kilomita 400 na zaidi kutoka Joburg, kwenda siku nzima kurudi siku nzima. Kwa safari hii haingii. Aje mwaka mwingine yeye na mimi tutaenda wawili.

Nimewapangia hivi, mtarekebisha wenyewe. Mnafika Joburg tarehe 14, mnalala usiku 4. Kutoka uwanjani kuna Gautrain, ni treni ya mwendo wa 160 kama SGR yetu, Sandton ni dakika 15 hivi. Mamelodi na Soweto mtachukua gari na mtu anayejua, msiendeshe wenyewe. Tarehe 18 ndege Cape Town, usiku 5, hapo kuna Robben Island, Table Mountain siku isiyo na wingu (asubuhi mkiona mlima uko wazi acheni chai nendeni, mchana unafunikwa) na wale pengwini wa Simon's Town. Tarehe 23 mnachukua gari. Msilipie gari siku tano za mjini linasimama tu.

Barabarani mna usiku 6. Hermanus mmoja, nyangumi wanaanza kufika Juni na wanaonekana kutoka nchi kavu hata boti hulipii. Kesho yake piteni Agulhas, ndo mwisho wa Afrika kusini kabisa, kuna alama ya mpaka wa Bahari ya Hindi na Atlantiki, watoto waambieni hii ya mkono wa kushoto mkiangalia baharini ndo ile ile ya Kigamboni. Mlale Swellendam. Alafu Knysna usiku 3 bila kuhamisha mabegi, siku moja mnaenda Oudtshoorn kwenye mapango ya Cango na mbuni, siku moja msifanye chochote, mama apumzike. Huo wa "bila chochote" baba watoto asiuguse. Storms River mmoja, kuna daraja la kamba juu ya mdomo wa mto, mama anaweza kubaki juu anaangalia. Tarehe 29 mnaacha gari Gqeberha, ndege Joburg, mnalala karibu na uwanja kama Bint alivyosema, tarehe 30 ndege Livingstone ni chini ya saa mbili.

Livingstone usiku 3. Mwezi wa sita maji bado ni mengi, upande wa Zambia mtalowa chapachapa, na upande wa Zimbabwe ndo unaona sehemu kubwa ya maporomoko kwa mbele. Mkiweza vukeni daraja la 1905 kwa miguu mwende pande zote mbili, bebeni pasipoti na dola ndogo ndogo zisizochanika. Siku moja Chobe. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vikae kwenye mkoba wa mkononi, Botswana hawana utani na hilo. Tarehe 3 basi la asubuhi Lusaka, tarehe 4 nyumbani. Ndege za Lusaka–Dar za moja kwa moja angalieni siku zake kabla hamjafunga tarehe nyingine yoyote, hiyo ndo iwe ya kwanza kununuliwa, na vingine vyote vihesabiwe kurudi nyuma kutoka hapo.

Mama_Wawili_Moro:

Hapa ndo pamekaa. Nimemuonyesha mzee amesoma mara mbili, akasema siku ya kutofanya chochote ataitumia kulala. Kruger ameandika ukurasa wa mwisho wa daftari.

Swali la mwisho na nitawaacha mpumzike. Mama anataka kubeba udongo wa Mazimbu kidogo kwenye kitambaa, akauweke kaburini Mamelodi. Nimeshindwa kumwambia hapana. Mpakani watasumbua?

Mtz_wa_Gauteng:

Dada udongo hawaruhusu kuingiza bila kibali cha kilimo, wakiukuta wanauchukua na sitaki mama aanze safari yake na hilo pale uwanjani. Fanyeni hivi. Kabla ya kuondoka mpelekeni Mazimbu, kule kuna makaburi ya wale wenzao waliofia huku. Apige picha kaburi kwa kaburi, majina yasomeke vizuri, na picha za yale majengo na shamba alilokuwa analima kama bado anapajua. Zioshwe kwenye karatasi, zisibaki kwenye simu. Kuna watu wazima Mamelodi na Soweto waliosoma pale, na kuna familia ambazo ndugu yao alizikwa Morogoro na hawajawahi kupaona. Mimi nitauliza ninaowajua huku. Nitumie tarehe mkishanunua tiketi.